Nilivyoweza kulala katikati ya Atlantiki

Kila anayesikia kwamba nilivuka Atlantiki kwa chombo cha matanga huniuliza habari za dhoruba na papa. Papa sikumwona hata mmoja. Kilichonitesa ni usingizi.

Tulikuwa watatu, tukitoka Las Palmas, Visiwa vya Kanari, kwenda Saint Lucia, kisiwa cha Karibi, kama maili 2,700 za baharini. Kwanza tulishika kusini hadi tukazipata pepo za kaskazini mashariki, zile zile zilizompeleka Columbus magharibi mwaka 1492, ndipo tukageuza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kuelekea magharibi. Upepo wa tezi, unaotoka nyuma ya chombo, una mwendo mzuri, ila chombo hulala kulia, kikalala kushoto, usiku kucha na mchana kutwa.

Zamu zetu zilikuwa za saa tatu, kisha saa sita za kupumzika. Siku ina zamu 8 na sisi tulikuwa watatu, kwa hiyo zamu zilijisogeza zenyewe na hakuna aliyeganda kwenye ile ya saa tisa usiku. Lakini toa muda wa kupika, kuosha vyombo na kukagua kamba zisiliwe na msuguano. Usingizi unaobaki ni wa vipande vipande.

Omo nilipahama mapema, kunapanda na kushuka mno. Nilichukua kitanda cha katikati karibu na mlingoti, nikafunga turubai ubavuni nisibiringike, nikajikaza kwa mto mgongoni. Mwili ukatulia. Masikio yakakataa. Kulikuwa na kopo mahali fulani: tik, kimya, tik. Nilitega sikio kwenye kabati moja baada ya jingine mpaka nikalipata nyuma ya mchele, nikalivisha soksi. Kesho yake likaanza jingine. Soksi ziliisha, nikahamia kwenye taulo.

Zilizobaki zilikuwa kelele zenye maana. Tanga likianza kupigapiga, nilijua upepo umegeuka kabla sijaitwa.

Dawa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa amri ya nahodha: aliye juu peke yake usiku ajifunge mkanda kwenye chombo, na matanga yapunguzwe kabla ya giza hata kama upepo ni mwanana. Huwezi kulala huku unajiuliza kama mwenzako bado yupo. Aliye zamu naye alitegesha kengele ya dakika 10, aangalie upeo wote. Meli ya noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, inayokuja usoni, ukiiona maili 8 mbele, iko juu yako kabla ya dakika 20 kwisha.

Kila tulipovuka nyuzi 15 za longitudo tulirudisha saa nyuma kwa saa moja. Zamu ya nani irefuke? Tulibishana kuliko tulivyowahi kubishana juu ya chakula, mwishowe tukaigawa: dakika 20 kila mtu.