Stockholm hadi Turku: kateni tiketi ya mchana

Wenzangu wengi hapa Sweden wakienda Finland hupanda meli ya usiku, wanalala, asubuhi wako Turku. Wanaokoa siku, sawa, lakini wanapitwa na safari nzuri kuliko zote ninazozijua huku Kaskazini. Safari ni ya saa kumi na moja hivi, na ukiondoka asubuhi, saa za mwanzo zote unapita baina ya visiwa. Upande wa Stockholm peke yake vinakaribia 30,000 ukihesabu na miamba. Vingine ni jiwe tupu na misonobari miwili mitatu. Vingine vina nyumba nyekundu na gati lake, na watu barazani wanakupungia mkono. Meli ndefu kama mtaa mzima inakata kona katika mlango mwembamba, taratibu, wala chai yako haimwagiki. Njooni hata Februari: maji ya bahari hii ya Baltiki yana chumvi kidogo, huganda upesi, na baridi ikikaza utaisikia barafu ikipasuka ubavuni.

Njiani meli hugusa Åland, hata kama wanaoshuka ni wachache. Visiwa hivyo ni vya Finland lakini vinajitawala na watu wake husema Kiswidi. Umoja wa Ulaya ulipofuta biashara isiyo na ushuru baina ya nchi wanachama mwaka 1999, Åland ilibaki nje ya mfumo wake wa kodi ya ongezeko la thamani. Basi meli ikitia nanga pale, duka lake linaruhusiwa kuendelea kuuza bila kodi. Mauzo hayo, pamoja na mgahawa, ndiyo yanayofanya nauli iwe nafuu hivyo.

Bebeni pasipoti na kadi ya ukaazi. Raia wa nchi hizi za Kaskazini huvuka bila pasipoti. Sisi wenye vibali tunaweza kuulizwa.

Sasa la meli zenyewe. Mimi ni mtu wa Unguja, na tangu Spice Islander izame usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikielekea Pemba na watu kupita kiasi, sipandi chombo nikakaa tu. Na huku pia wana msiba wao: usiku wa kuamkia Septemba 28, 1994, meli iitwayo Estonia ilikuwa ikitoka Tallinn kuja Stockholm, mlango wa mbele ukang'olewa na mawimbi, maji yakaingia sitaha ya magari. Walikufa watu 852. Majina ya wengi wao yamechongwa kisiwani Djurgården, hapa Stockholm, nendeni mkayaone. Baada ya hapo kanuni za uimara wa meli za magari zilikazwa, na leo kila abiria huandikwa jina.

Kwa hiyo mkipanda na watoto, kabla ya mgahawa na michezo yao, wapitisheni ngazi za dharura kutoka chumbani hadi juu. Waonyesheni jaketi za kujiokolea zinapowekwa. Ni dakika kumi tu, halafu tafuteni kiti dirishani upande wa kushoto.