Kipande Kilichoachwa

Mwaka 2018 jicho la kushoto la mama lilianza kufifia. Alibadilishiwa miwani, akabadilishiwa tena, na nuru ikazidi kupungua. Kisha daktari mwingine wa macho akamulika ndani, akaona mshipa wa fahamu wa jicho umepauka. Yeye hakuandika miwani, aliandika MRI ya kichwa. Namwombea dua hadi leo.

Picha zilionyesha uvimbe kwenye sakafu ya fuvu, nyuma ya jicho. Tukaelekezwa MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo, pale Muhimbili. Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya kabla ya upasuaji, kwa sababu nusura familia imrudishe mama nyumbani.

Daktari bingwa alituita mimi na mjomba, akafungua picha kwenye kompyuta. Akasema ni meninjioma: hauoti ndani ya ubongo wenyewe bali kwenye utando unaoufunika, huwapata wanawake zaidi, na mara nyingi si saratani. Ungekuwa juu, karibu na utosi, angeutoa wote pamoja na utando ulikoota. Lakini huu ulikuwa umeukumbatia mshipa mkubwa wa damu unaopanda kwenye ubongo, na sehemu yake ilikuwa imepenya kwenye uwazi mdogo kando ya tezi ya pituitari, mahali zinapopita neva zinazozungusha jicho na kuinua kope.

"Nitautoa huu unaobana neva ya kuonea," akasema. "Huu wa mle ndani nitauacha."

Mjomba akauliza, "Unauacha kwa makusudi?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Ndugu wamechangia damu, tumechanga pesa, halafu mgonjwa arudi nyumbani na ugonjwa? Mti hukatwa na mzizi wake, daktari."

Daktari hakukasirika wala hakumdanganya. Alimwambia hofu yake ina msingi. Akamtajia Donald Simpson, daktari wa upasuaji wa ubongo ambaye mwaka 1957 alichapisha hesabu za wagonjwa wa aina hii: walioondolewa uvimbe wote pamoja na utando na mfupa ulioguswa, uliwarudia takriban 9 kati ya 100, walioachiwa sehemu, takriban 40. Kisha akaweka kidole juu ya ule mshipa wa damu. Ukichanika huu, akasema, mgonjwa anaweza kupooza au kufia mezani. Kitakachobaki hukua polepole sana. Tutakuwa tunakipiga picha, na kikianza kukua, kuna mionzi.

Hapo kwenye mionzi ndipo mjomba aliponyanyuka. Kwa watu wa Dar mionzi ni hospitali ya Ocean Road, na Ocean Road ni saratani. Alitoka akiamini tumefichwa jambo.

Mimi nilibaki na yule daktari, na nilimwamini kwa sababu alikuwa ametaja waziwazi takwimu zinazompinga. Kuna madaktari wa kusifiwa kwa walichokitoa. Huyu namsifu kwa kujua mapema atakapokomea.

Wodini mama alitusikiliza wote, mjomba akiwa bado anafoka kwa sauti ya chini. Aliuliza swali moja tu: ataona? Nikamweleza nilivyoelezwa, kwamba upasuaji unalenga kulinusuru la kulia kabla uvimbe haujalifikia, lakini la kushoto lilikuwa limebanwa muda mrefu, hakuna wa kuahidi.

"Basi akate anapoweza," akasema. "Kaka, nipe hiyo kalamu." Akatia sahihi fomu mwenyewe.

Aliingia chumba cha upasuaji asubuhi, akatoka jioni. Tulipomwona ICU, uso wa upande ule ulikuwa umevimba hadi jicho limefunga kabisa, na mjomba akalia kwa sauti. Muuguzi akatutuliza: kwa njia waliyopitia, kandokando ya paji, uvimbe wa namna hiyo ni kawaida. Kweli, siku zilivyopita ulishuka.

Majibu ya kipimo cha nyama iliyotolewa yakasema daraja la kwanza, aina ile inayokua taratibu. Jicho la kulia likabaki zima. La kushoto lilirudisha rangi na maumbo, herufi hazikurudi. Kope inapanda, jicho linazunguka, na mama anajua kwamba hilo limetokana na kile kipande alichoachiwa.

Kila mwaka anapigwa MRI. Mpaka sasa kipande hakijaongezeka.