Krimu ya Kuzuia Jua Ofisini: Jinsi Nilivyopunguza Madoa ya Melasma

Daktari wa ngozi aliponishauri, kwa ajili ya melasma, yaani madoa ya kahawia yaliyonitoka usoni, nipake krimu ya kuzuia jua hata siku nisizotoka ofisini, jamaa zangu walinicheka, kwa kuwa hapa Dar es Salaam wengi huiona ni ya watu wenye ualbino na ya watalii wa Zanzibar. Shangazi alining'ang'aniza limau, nami namshukuru Mungu sikumsikiliza, maana maji ya limau yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuiunguza na kuacha doa baya kuliko lile la awali.

Meza yangu ipo kando ya dirisha kubwa, kuliani mwangu, na shavu la kulia ndilo lililotangulia kuota madoa. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya jua ya UVB, ile inayobabua, lakini ya UVA, ambayo nayo huchochea madoa, hupenya kwa wingi, hata kama kiyoyozi kinakutetemesha.

Krimu ya kwanza, ya zinki, ilinipa vituko. Nilipaka urefu wa vidole viwili, uso na shingo, kama nilivyoelekezwa, nikafika kazini nimepauka kama niliyetoka kusaga unga, mlinzi wa getini akaniuliza kwa upole, "Dada, nyumbani kwema?" Kufikia mchana ukingo wa hijabu yangu nyeusi ulikuwa umeingia utando mweupe, na kila nilipousugua kwa tishu ndivyo ulivyozidi kutapakaa.

Iliyonifaa ni yenye rangi ya kahawia, inayotiwa oksidi za chuma, ambazo huzuia pia mwanga unaoonekana, mchochezi mkubwa wa madoa kwenye ngozi nyeusi. Muuzaji alitaka kunijaribishia mgongoni mwa kiganja, chini ya taa. Nikapaka kwenye taya, nikatoka nje na kioo changu, na ile aliyoisifu ikaonekana rangi ya chungwa. Niliyoichagua iligharimu elfu arobaini na kitu, na huisha upesi, lakini madoa yamefifia mno.

Kupaka upya mchana ndiko kunakowashinda wengi. Mimi nimekufungamanisha na swala: naiosha krimu kwa sabuni ili maji ya udhu yafike kwenye ngozi, natawadha, naswali adhuhuri, kisha napaka nyingine, na alasiri vivyo hivyo. Siku nisizoswali hutegemea kengele ya simu, ambayo naizima mara nyingi kuliko ninavyoitii.