Jumatano ya mwalimu mkuu, saa kwa saa

Shule ninayoizungumzia ni ya msingi, ya serikali, Tanzania Bara. Ina wanafunzi 800 hivi na walimu 14, wakati uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 ungedai walimu 18. Kazi za mwalimu mkuu zimeandikwa kurasa nyingi, lakini mimi nazipima kwa mambo mawili: mtoto apate dakika zake zote za kufundishwa, na mwalimu apate mtu wa kuzungumza naye kuhusu somo lake siku hiyohiyo alipolifundisha. Mengine yote nayapanga kuyazunguka hayo.

Saa 12:40 asubuhi

Nafika kabla ya mwalimu wa zamu. Kitu cha kwanza ni kujua nani hatakuwepo leo. Ruhusa zote zinaandikwa siku moja kabla, isipokuwa msiba na ugonjwa, na hazitolewi mbili kwa walimu wa darasa moja siku moja. Safari nyingi za kwenda halmashauri ni za kufuatilia karatasi, kwa hiyo nyaraka za walimu wote hukusanywa na kupelekwa na mtu mmoja, mara moja kwa wiki. Hilo peke yake huokoa vipindi vingi.

Aliyekosekana lazima azibiwe pengo kwa namna inayoeleweka. Kumwambia kiongozi wa darasa aandike majina ya wapiga kelele si kuziba pengo. Mwalimu wa taaluma ana bahasha ya kila darasa yenye mazoezi ya Kiswahili na Hisabati ya kutosha vipindi sita, na hujazwa upya kila mwanzo wa mwezi. Mwalimu wa chumba cha jirani huandika zoezi ubaoni, hupita kila baada ya dakika kumi, na daftari husahihishwa na mwenye somo akirudi. Asiposahihisha, watoto hugundua haraka kwamba zoezi la bahasha halina mwenyewe, na wiki ya pili hawafanyi.

Saa 1:30 asubuhi

Usafi umekwisha, paredi inaanza. Dakika kumi na tano: wimbo, ukaguzi wa usafi, matangazo yasiyozidi matatu, basi. Adhabu na mahubiri marefu ya nidhamu hayafanyiki mstarini. Mwaka wa masomo una siku 194. Paredi ikizidi kwa dakika 15 kila siku, kila darasa limepoteza dakika 2,910, yaani zaidi ya vipindi 72 vya dakika 40. Hakuna semina inayoweza kurudisha vipindi 72.

Hesabu hii nawaonyesha walimu mwanzo wa mwaka, kwa sababu wengi wanadhani muda hupotea kwa utoro wa walimu tu. Upimaji wa Benki ya Dunia uliofanyika nchini mwaka 2010 ulikuta mtoto wa shule ya msingi akifundishwa saa mbili hivi tu kwa siku, wakati ratiba ilisema zaidi ya tano. Sehemu kubwa ya pengo hilo haikutokana na mwalimu aliyebaki nyumbani. Mwalimu alikuwa shuleni ila hakuwa darasani: yuko ofisini anasahihisha, anajaza fomu, au anasubiri kengele ya pili.

Saa 2:00 asubuhi

Kengele ikilia napita madarasa yote, dakika kumi, bila kuingia. Naandika kitu kimoja tu: mwalimu yumo au hayumo. Halafu nachagua darasa moja nahesabu vichwa na kulinganisha na daftari la mahudhurio. Daftari lililojazwa Ijumaa kwa mkupuo mmoja linajulikana: kalamu ni ileile wiki nzima, na mtoto aliyelazwa hospitali ana alama ya kuwepo Jumanne. Bila mahudhurio ya kweli huwezi kumjua anayeanza kuteleza. Mtoto akikosa siku ya kwanza tunamuuliza jirani yake, siku ya tatu tunampigia mzazi simu, wiki ikiisha bila jibu jina linakwenda kwa mtendaji wa mtaa.

Saa 2:30 asubuhi

Hiki ndicho kipindi nisichokitoa kwa mtu yeyote. Naingia Darasa la Pili, Kusoma, dakika 30, watoto 70. Mwalimu ana taarifa tangu Jumatatu, sitafuti kumfumania. Nakaa nyuma, kwenye dawati, pamoja na watoto, si mbele karibu na ubao. Mbele utamwona mwalimu tu, na mimi nimekuja kuona kujifunza.

Daftari langu lina safu tatu: dakika, mwalimu anafanya nini, watoto wanafanya nini. Sitoi alama. Pembeni naweka vijiti vya kuhesabia: mtoto aliyesoma peke yake kwa sauti, kijiti kimoja. Leo ubaoni pameandikwa kata, kaka, tata, na mwalimu anagonga kila neno kwa fimbo huku darasa likiitikia kwa pamoja. Linapendeza kusikika. Dakika ya ishirini imefika na vijiti ni vinne.

Kwa mtoto aliyekaa kando yangu, aliyekuwa akiitikia kwa nguvu zote, naandika kwenye karatasi neno taka. Anasoma "kata". Silabi ni zilezile, zimebadilishwa nafasi tu. Namwandikia kaka na kata bila kufuata mpangilio wa ubaoni, anakisia. Huyu amekariri wimbo wa ubaoni, bado hajajua silabi. Najaribu wengine watatu walio karibu, wawili wanafanya vivyo hivyo. Huo ndio ushahidi nitakaoondoka nao, na una thamani kuliko fomu nzima ya vipengele ishirini.

Hapa niseme jambo ambalo shule nyingi hulifanya kinyume. Kwa sababu Darasa la Nne lina upimaji wa kitaifa na la Saba lina mtihani wa kumaliza, walimu hodari hupelekwa huko, na Darasa la Kwanza na la Pili hupewa mgeni au anayekaribia kustaafu. Mtoto aliyefika la Nne hajui kusoma hana mwalimu hodari anayeweza kumsaidia ndani ya kipindi cha dakika 40 cha Sayansi. Mwalimu bora wa kusoma akae la Kwanza, na apangwe hapo kwa miaka kadhaa, si muhula mmoja.

Saa 4:00 asubuhi

Watoto wanakunywa uji. Mimi na mwalimu wa Darasa la Pili tunakaa kwenye chumba cha stoo ya vitabu, mlango wazi, mbali na ofisi ya walimu. Dakika kumi na tano, kwa utaratibu huu.

Naanza na swali: "Mwalimu, ulitaka watoto waweze kufanya nini kufikia mwisho wa kipindi?" Akisema "kusoma silabi ka na ta", tayari tuna kipimo chake mwenyewe. Kisha naweka mezani nilichokiona: vijiti vinne, na karatasi yenye neno taka. Sisemi somo lilikuwa zuri au baya. Mara nyingi hapo mwalimu husema mwenyewe kilichotokea. Halafu tunachagua jambo moja. Leo ni hili: baada ya kuitikia pamoja mara mbili, achanganye mpangilio wa maneno, kisha watoto wasomeane wawiliwawili huku yeye akisikiliza madawati matano. Tunalijaribu palepale, yeye anafundisha, mimi nakuwa mtoto. Mwisho tunaandika tarehe ya kurudi, isiyozidi siku saba.

Panapoharibika ni hapa. Mwalimu mkuu akitoa mapendekezo saba, hakuna linalofanyika. Akiyatoa mbele ya wengine, mwalimu anajitetea badala ya kufikiri. Akiyatoa baada ya wiki mbili, somo limeshasahaulika. Akiyachanganya na alama za PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, au barua ya nidhamu, kuanzia siku hiyo ataonyeshwa masomo ya maonyesho. Na asiporudi kabisa, ziara yake haina faida. Utafiti uliofanyika katika shule za Miami, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba muda ambao wakuu wa shule walitumia kuwaelekeza walimu ulikwenda pamoja na maendeleo ya wanafunzi, lakini kupitapita madarasani bila kuelekeza hakukuwa hivyo. Palikuwa na uhusiano hasi: kulikozidi, maendeleo yalielekea kuwa madogo. Matembezi yangu ya saa 2:00 asubuhi ni ya kulinda muda. Hayaboreshi ufundishaji, na siyahesabu kama ukaguzi wa somo.

Saa 4:30 asubuhi

Nafundisha. Hisabati Darasa la Tano, vipindi viwili. Mwalimu mkuu asiyefundisha hupoteza haraka haki ya kuzungumza na walimu kuhusu ufundishaji.

Saa 5:50 asubuhi

Fedha. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 kwa ajili ya vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja, na 6,000 kuingia kwenye akaunti ya shule. Kwa watoto 800 hiyo ni 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi. Kwa kuwa hukokotolewa kwa idadi, mtoto aliyehamia asiposajiliwa kwenye mfumo ni pungufu la kweli. Kila mwisho wa mwezi tunalinganisha PReM (mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi), SIS (mfumo wa taarifa za shule) na daftari za mahudhurio. Zikitofautiana hata kwa mtoto mmoja, mwalimu wa takwimu anamtafuta kwa jina.

Laki nne huisha haraka, na kwa kawaida huishia kwenye karatasi za majaribio ya kila wiki. Mimi nauliza kila ombi la matumizi: linamsaidia mtoto wa darasa gani, kufanya nini? Majaribio ya Darasa la Saba yaliyopunguzwa kutoka manne hadi mawili kwa mwezi yanaweza kununua kadi za silabi na daftari za mazoezi za Darasa la Kwanza. Kamati ya shule huidhinisha kabla, FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule, hujazwa siku ya malipo, na kiasi kilichoingia na kilichotoka hubandikwa kwenye ubao wa matangazo upande wa nje, wazazi wanapopita. Wazazi wakiona hesabu, mjadala wa kuchangia chakula huwa mfupi sana.

Saa 6:45 mchana

Ujumbe wa simu: takwimu za madawati zitumwe ndani ya nusu saa. Maombi ya namna hii huja kila wiki, na ndiyo hula asubuhi za walimu wakuu wengi. Dawa ni kaunta buku moja mezani, husahihishwa kila Ijumaa: wanafunzi kwa darasa na jinsia, walimu, madawati mazima na mabovu, matundu ya vyoo, vitabu kwa kila somo. Jibu linatoka kwa dakika tano, hata msaidizi anaweza kulituma. Wageni wasio na dharura wana muda wao, saa 7:30 hadi 8:15, umeandikwa mlangoni.

Saa 7:00 mchana

Daftari. Naomba tano kutoka kila mkondo wa madarasa mawili, nikitaja majina mwenyewe: mmoja anayeongoza, wawili wa kati, wawili wa chini. Ukimwachia mwalimu achague, utaletewa tano zilizopambwa. Nazilinganisha na azimio la kazi, yaani mpango wa mada, na shajala ya somo, ambamo mwalimu huandika mada alizofundisha. Shajala ikisema mada nne zimefundishwa na daftari ina mazoezi ya mada mbili, ninaamini daftari. Naangalia pia vema zilizowekwa kwenye majibu yasiyo sahihi, na kama masahihisho yalifanywa na mtoto au alinakili tu kutoka ubaoni.

Saa 8:30 mchana

Jumuiya ya kujifunza, chini ya utaratibu wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Saa moja, kila Jumatano. Nakaa kama mshiriki tangu mwanzo hadi mwisho. Kufungua kikao kisha kutoka na simu ni kuwaambia walimu kwamba jambo hili si muhimu. Mtafiti Viviane Robinson na wenzake, walipokusanya tafiti za uongozi wa shule mwaka 2008, waliona kati ya mambo yote anayofanya kiongozi, kushiriki mwenyewe katika kujifunza kwa walimu ndiko kulikokuwa na athari kubwa zaidi kwa wanafunzi.

Kazi ya leo: kutoa kwa kukopa, Darasa la Tatu. Kila mwalimu amekuja na daftari kumi. Swali ni 52 − 27. Tunapanga majibu mezani kwa mafungu, na fungu kubwa ni 35. Mtoto ametoa ndogo kutoka kubwa kila safu: saba kutoa mbili ni tano; tano kutoa mbili ni tatu. Kumwambia "kuwa makini" hakumsaidii, kwa sababu amekuwa makini sana kwenye kanuni isiyo sahihi. Walimu wanakubaliana kurudi kwenye mafungu ya vijiti kumikumi: fungua fungu moja la kumi, uone vijiti 12 mkononi, ndipo uandike. Mwalimu mmoja atalifundisha Jumatatu, wawili watakaa nyuma kumwangalia, mimi nitashika darasa la mmojawao. Jumatano ijayo daftari kumi zilezile zinarudi mezani.

Saa 9:40 alasiri

Nabaki na Mpango wa Jumla wa Maendeleo ya Shule. Ule rasmi una kurasa nyingi. Mimi nina ukurasa mmoja wenye malengo matatu ya muhula. La kwanza: kila mtoto wa Darasa la Pili asome kifungu kifupi asichowahi kukiona, na ajibu swali moja la kuelewa. Lengo hili linapimwa kwa mtoto mmojammoja, dakika mbili kila mmoja, na mwalimu ambaye si wake. Akipima mwenyewe, humsaidia bila kujua. Kwa watoto 70 hiyo ni dakika 140, vipande vya nusu saa kwa siku tano, kuanzia kesho. Orodha ya majina inabaki kwa mwalimu wa taaluma, na wasioweza wanaingia kwenye kundi la saa 7:30 kuanzia Jumatano ijayo, watoto wasiozidi 15, bila mchango wowote.