Jinsi mimi na shoga yangu tulivyoacha kudanganyana kuhusu watoto

Nyumba tunayopanga hapa Tandika, Dar es Salaam, ina vyumba sita, ua mmoja na choo kimoja. Jirani akikaanga vitunguu unajua, akigombana na mumewe unajua, luku yake ikikaribia kuisha unajua. Ila uliza habari za watoto: wote wanakula vizuri, wote wanalala usiku kucha, hakuna anayesumbua. Niliishi katikati ya kina mama wenye watoto wasio na kasoro, na wa kwangu nikamwingiza humo humo.

Kadi ya kliniki ndiyo iliyoniumbua. Mwanangu alipotimiza miezi tisa nilimpeleka chanjo ya surua, wakampima: uzito ule ule wa mwezi uliopita. Mstari uliokuwa unapanda kwenye kadi ukalala. Nesi akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi, ukasoma sentimita 12.1. Kijani inaanzia 12.5, chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Sisi tulikuwa kwenye njano. Akaniuliza mtoto anakula mara ngapi kwa siku. Nikajibu mara nne, macho makavu. Akaniangalia, akaandika, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili.

Sasa rudi nyumbani na habari hiyo. Mtaani kwetu mtoto akikonda hawasemi amekosa chakula, wanasema kabemendwa. Yaani baba na mama hawakuvumilia, wakalala pamoja mtoto akiwa bado ananyonya, au mmoja wao katoka nje ya ndoa, eti maziwa yakaharibika, mtoto ndiye kaumia. Ukishapachikwa hilo, kulibandua ni kazi. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mimba ya haraka ndiyo inayoweza kumwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, ndiyo maana kliniki wanasisitiza miaka miwili kabla ya kubeba nyingine. Lakini nani atasimama bombani kuwaeleza watu hayo? Kwa maoni yangu lawama hii imewaponza watoto kuliko hilo inalolituhumu, kwa sababu mama akishaiogopa haonyeshi kadi, haulizi, na wengine hata kliniki hawarudi tena. Ya kwangu niliiweka chini ya godoro.

Shoga yangu anakaa chumba cha pili kutoka kwangu. Anauza vitumbua sokoni, anatoka saa kumi alfajiri, na mtoto wake na wangu wamepishana wiki chache tu. Jumapili moja akanijia na chanuo nimsuke. Alitaka ule msuko wa haraka tunaouita “twende kilioni”, maana moshi na mafuta ya karai vinamharibia nywele kila siku. Akakaa chini kwenye mkeka, mgongo kwangu, kichwa kati ya magoti yangu. Nadhani hiyo ndiyo sababu maneno yalitoka. Mkisukana hamtazamani usoni. Nilikuwa mstari wa tatu aliposema:

"Shoga, yule mtoto wangu mchana hata sijui anakula nini."

Nikaendelea kusuka.

"Namwachia dada yake uji kwenye chupa ya chai. Nikirudi chupa tupu. Juzi nimewahi kurudi, namkuta dada mtu ndiye anaunywa. Ana miaka minane. Utamchapa?"

Nikamwambia ya kwangu. Zile mara nne nilizomtajia nesi ni mbili, na moja yake ni chai ya rangi na andazi, kwa kuwa msimu wa sare za shule cherehani yangu haisimami. Nikamtajia utepe na njano yake. Kisha nikangoja anitamkie kubemenda.

"Kaza hapo mbele," akasema, "inalegea."

Kabla sijafunga mstari wa mwisho tulikuwa tumeshapanga. Mimi nashinda barazani na cherehani, hivyo mchana nitawalisha wote watatu, dada mtu akiwemo. Yeye akitoka sokoni anapitia dagaa na mboga, na jioni anawachukua wote nimalizie oda zangu. Na kliniki twende pamoja. Hilo la mwisho alilitaka yeye: "Ukianza kudanganya nakufinya."

Safari hiyo nesi alipouliza, nikasema ilivyo. Aligomba kidogo, sitaficha. Baada ya hapo akauliza ambayo mara ya kwanza hakuwa na sababu ya kuyauliza: uji unaupika mzito au mwepesi, unatia nini ndani, nani anamlisha. Akampima malaria, hakuwa nayo. Akaelekeza uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, utiwe dagaa au karanga zilizosagwa na kijiko cha mafuta, mara tatu hadi nne kwa siku, katikati ndizi mbivu au parachichi, na kunyonya kuendelee. Vyote hivyo vinapatikana Tandika. Kilichokuwa hakipatikani ni mtu wa kukaa na bakuli nusu saa.

Mwezi uliofuata uzito ulipanda, si sana. Ukapanda tena.

Urafiki wenyewe ndio uliotutoa jasho. Siku moja alinikuta namkaba mwanangu uji: nimemlaza magotini, nimembana pua ili ameze. Akanipokonya bakuli. "Atapaliwa huyo, wewe!" Nilinuna siku kadhaa, nikawa nawalisha watoto wake bila kusemeshana na mama yao. Alikuwa sahihi, na najua kina mama wengi wanaofanya hivyo wakidhani ndiyo kulea. Kilichoniuma ni kwamba alisema mbele ya mpangaji wa chumba cha mwisho. Nikamwambia: nisute unavyotaka, ila tukiwa wawili. Naye akatoa lake: nisimpe pole kila anapolalamika, zinamfanya ajione fukara.

Jirani mwingine nilijaribu kumfungulia moyo, kesho yake mambo yangu yakawa bombani. Simlaumu sana. Yeye alikuwa hajaniambia lake hata moja, mimi ndiye niliyemwaga. Siku hizi mtu akitoa moja natoa moja.

Akabaki mama mkwe, yuko Kilwa. Kila akipiga: "Mjukuu wangu hajambo?" Nami: "Hajambo mama, ananenepa." Jioni moja, shoga yangu pembeni ananikodolea macho, nikampigia mwenyewe. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote mpaka rangi ya utepe. Simu ikanyamaza. Nikajua sasa naambiwa rasmi nimembemenda.

Bibi akacheka.

"Mumeo alitembea ana mwaka na miezi minane. Watu wakiniuliza umri nilikuwa nampunguzia, nasema ana mwaka tu. Mpaka tulipohama mtaa ndipo nikapumzika. Ila usimwambie, maana mimi ndiye niliyemwambia alitembea na miezi tisa."