Kopi Mia Tano

Kijana aliingia dukani saa moja kasoro jioni, Jumatano ya tarehe 27 Oktoba 2010, siku nne kabla ya uchaguzi. Nilikuwa nimeshazima kompyuta. Stesheneri yenyewe ilikuwa fremu moja tu upande wa Kinondoni: mashine mbili za fotokopi, kopi shilingi 50, picha za pasipoti, barua za maombi ya kazi. Msimu ule wa kampeni tulipiga kazi mpaka mashine zikawa zinanuka joto.

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya kaunta kwa kiganja. "Dada, nataka mia tano, na nazitaka leo."

Juu kulikuwa na picha mbili. Ya kushoto ilikuwa ya diwani wetu, aliyekuwa anagombea tena, pamoja na mkewe na watoto wao watatu wamevaa nguo za sikukuu. Ya kulia ni diwani huyohuyo kwenye viti vya plastiki, soda mezani, mkono wake uko begani kwa mwanamke mwingine. Chini kwa herufi kubwa: AMEMSALITI MKEWE, SISI ATATUBAKIZA? Kisha mtaa alikompangia nyumba, na siku anazokwenda kulala huko.

Yule mwanamke nilimtambua kabla sijamaliza kusoma. Ndiye aliyekuwa amekalia kizimba cha mama yangu.

Mama aliuza nyanya, vitunguu na bamia katika soko la kata yetu tangu mimi nikiwa darasa la pili. Kizimba namba 22, cha pili ukiingia, mahali ambapo mteja akishuka daladala macho yake yanatua hapohapo. Mwaka 2008 alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akalazwa wiki tano. Alipopata nguvu ya kurudi sokoni alikuta kufuli jipya. Akaambiwa kizimba kilionekana kimetelekezwa, kikagawiwa upya. Wiki tano. Na stakabadhi zake za ushuru alikuwa nazo zote, za miaka na miaka, amezipanga kwenye kopo la Blue Band na kuzifunga kwa mipira ya kunyoosha. Akazunguka na lile kopo kwa mwenyekiti wa soko, ofisi ya mtaa, ofisi ya kata. Kila mlango alijibiwa, "Mama, tutalifanyia kazi." Soko zima lilijua kizimba kimeandikwa jina la nani na kwa nini. Hakuna aliyekuwa tayari kulisema mbele ya mtu aliyeshika kalamu.

Mama akabaki kuuza chini, nje ya geti, juu ya gunia, akikunja mafungu yake kila mgambo wakipita.

Kwa hiyo niliisoma ile karatasi mara ya pili nikitafuta neno "kizimba". Halikuwemo.

Nikamwambia, "Kaka, huyu mwanamke amepewa kizimba sokoni. Alinyang'anywa mjane. Mbona hamjaandika?"

"Dada yangu," akasema kwa upole kabisa, "hiyo nani ataisoma mpaka mwisho? Hii mtu akiiona picha tu ameelewa."

Nilitazama picha ya kushoto. Mke wa diwani nilimfahamu. Mama alipotoka hospitali, yeye ndiye aliyekuja na chupa ya uji wa ulezi siku tatu mfululizo, akaketi kitandani, akamkanda mama miguu. Binti yake mkubwa alikuwa anasoma na mdogo wangu. Nililijua hilo lote na bado hasira ilinishinda. Nilisema moyoni: kama hawatampiga kwa kizimba, basi wampige kwa chochote. Nikabonyeza kitufe. Karatasi zilitoka moja moja, za moto, familia ile ikitabasamu mara mia tano. Elfu ishirini na tano, akalipa bila kuomba apunguziwe.

Alhamisi asubuhi zilikuwa zimebandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za msalani, zimetupwa kwenye milango ya maduka. Nikiwa njiani kwenda kazini nilimwona mke wa diwani, khanga kaivuta mpaka usoni, anazibandua kwa kucha. Gundi ya unga ilikuwa bado mbichi. Picha yake ikabaki nusu kwenye nguzo, upande wa mtoto. Hakuniona.

Kwenye kijiwe cha kahawa karibu na duka mjadala ulikuwa umepamba moto, na kwa kuwa duka letu lilipakana nacho nilisikia kila kitu. Wengine walisema mwanaume kuwa na wawili si habari, dini inamruhusu na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu. Mwingine akamkata: angeoa! Kuoa kuna mashahidi, huku kwa kuficha ndiko kubaya. Mama ntilie wa pembeni, mwiko mkononi, akasema mtu aliyeapa mbele ya wazazi akavunja, hicho kiapo cha udiwani atakiweza vipi? Nilimwelewa. Hata leo sijapata jibu kamili la swali lake, maana uongo wa miaka mingi unamfundisha mtu ufundi, na ufundi hauchagui mahali pa kutumika.

Aliyenikamata masikio ni mzee mmoja, dereva mstaafu, aliyekuwa Umoja wa Vijana enzi za TANU. Alikuwa hapigi kelele. Alianza na mwaka 1998. Mnakumbuka bomu la ubalozi wa Marekani hapa Dar, tarehe 7 Agosti, wenzetu 11 wakafa? Siku kumi na moja baadaye, anasema, nimeshika redio yangu alfajiri, nasikia Clinton, rais wao wa wakati ule, amekiri uhusiano wake na yule msichana wa Ikulu. Na siku mbili mbele akarusha makombora Sudan na Afghanistan. "Mimi nilikuwa na jirani aliyeumizwa na vioo siku ile. Nikabaki najiuliza, haya makombora ni kwa ajili ya jirani yangu, au ni kwa ajili ya aibu yake? Sikujua. Na nilitaka sana kujua."

Kijana mmoja akasema lakini Wamarekani wenyewe walimshtaki kwa zina. Mzee akakataa. Bunge lao, Desemba mwaka ule, lilimshtaki kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke, na Februari 1999 Seneti ikamwachia. Ugoni una mwenye kesi yake. Hata hapa kwetu sheria ileile ya 1971 inampa mke haki ya kumdai fidia aliyezini na mumewe. Mke, siyo mtaa.

Halafu akasema jambo ambalo limekaa nami mpaka leo. Azimio la Arusha, 1967, lilipomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa za kibepari au nyumba ya kupangisha, lilieleza wazi kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Walijua mali hujificha kwa mke. Na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi ataje mali zake, za mwenzi wake, na za watoto wake wasiofika miaka 18. "Sasa nitajieni," akasema, "hawara yuko kwenye fomu gani?"

Kijiwe kikanyamaza kidogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na rimu ya karatasi mkononi. Alikuwa amesema kizimba bila kukijua. Nyumba ya pili ya siri inanihusu mimi mpiga kura kwa sababu hiyo: ndiko cha umma kinakoweza kuingia na daftari lisione. Nani analala wapi si kazi yangu kuhesabu. Nani kapewa nini kwa ajili ya kulala kwake, hiyo ni kazi yangu, na ni haki yangu.

Ijumaa alasiri ulikuwepo mkutano wa kufunga kampeni kwenye uwanja wa shule. Mama alivaa gauni lake la kanisani, akachukua kopo. Sikumtuma, sikumzuia. Baada ya hotuba, mshereheshaji akatangaza maswali matatu tu. Mama akawa wa pili kunyoosha mkono. Kijana wa jukwaani akamshushia maikrofoni, mama akaishika kwa mikono miwili, na kopo akalibana kwapani.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nauliza kuhusu yule mwanamke wa kizimba namba 22."

Hakufika neno la kumi na moja. Aliposema "yule mwanamke" uwanja ulilipuka. Kicheko, miluzi, vigelegele. Nyuma yangu mtu akapaza sauti, "Na wewe mama alikuacha lini?" Watu wakafa kwa kucheka. Nilimwona mama anageuka kutafuta ni nani, midomo yake bado inasogea, maneno yake hayasikiki kwa mtu yeyote. Alifungua kopo. Akatoa kishada cha stakabadhi, akakiinua juu. Kwa watu wa nyuma zilionekana kama zile karatasi zetu.

Diwani alingoja. Alikuwa fundi wa kungoja. Kelele zilipopungua akashika kifua. "Mama yangu," akasema, "nakuheshimu kama mzazi. Lakini mambo ya ndani ya nyumba ya mtu tuyaache ndani ya nyumba yake. Mimi nimekuja kuzungumza maendeleo."

Makofi. Wanawake kwa wanaume. Na nakiri, sentensi ile ilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana ilifanya kazi vizuri kiasi kile. Alichukua kizimba cha watu akakiingiza chumbani kwake, akafunga mlango, na uwanja mzima ukamsaidia kuushika. Na nguvu ya kuushika niliwapa mimi, kwa shilingi hamsini hamsini. Bila zile karatasi wangemsikiliza. Pengine wasingemwamini, lakini wangesikia namba 22, wangesikia wiki tano, wangeona ni stakabadhi.

Jumapili alishinda, wala haikuwa kwa kubanana.

Usiku ule wa Ijumaa tulirudi kwa miguu. Mama hakulia. Nyumbani alivua gauni, akalitundika, akavaa khanga, akakaa kwenye kigoda kuchambua mchele wa kesho. Taa ya chemli ilikuwa katikati yetu. Nilikaa sakafuni nikamwambia. Nilimwambia kijana alivyokuja, picha zilivyokuwa, nilivyotafuta neno nisilione, nilivyobonyeza.

Aliendelea kuchambua. Baadaye kidogo akauliza, "Na mama wa wale watoto, yumo kwenye picha?"

"Yumo."

"Amevaa nini?"

Nikamwambia, gauni la kijani lenye mikono mirefu.

"Ndilo alilokuja nalo siku ya kwanza ya uji," akasema. Akaweka ungo chini. "Kesho asubuhi, kabla hujaenda kazini, utanisindikiza kwake."

Tulikwenda. Alitufungulia mwenyewe. Kwenye kona ya sebule, nyuma ya mlango, kulikuwa na rundo la karatasi zilizochanika na mchanga na gundi yake, kama mia hivi, amezikusanya. Mama alimwambia, "Mwanangu ana neno la kukwambia," kisha akaketi, akaniachia.