Wiki Tatu kwa Nainai, Jinhua

Jambo la kwanza nililofundishwa katika nyumba ile ya kijijini Jinhua, China, lilikuwa kuita. Nimesimama kizingitini, begi mgongoni, jasho linanichuruzika, na mbele yangu bi kizee ameketi kwenye kiti cha mianzi akimenya maharage mabichi. Mama mwenye nyumba akanigusa bega, akaninong'oneza: "Jiao ren." Mwite mtu. Nikaita: "Nainai!" Bi kizee akainua uso, akaitikia, akarudi kwenye maharage yake. Basi, nilikuwa nimeshaamkia.

Nilikulia Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ambayo mtoto akipita sebuleni bila kumwamkia nyanya alirudishwa hadi mlangoni aingie upya. Kwa hiyo nilielewa mara moja. Kwa Wachina wa pale, kumtaja mkubwa kwa cheo chake katika ukoo ndiyo salamu yenyewe, wala huongezi kitu. Nainai ni mama wa baba. Angekuwa mama wa mama ningemwita waipo.

Nilikuwa nimesoma Kichina miaka miwili Nairobi, kwenye Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo ilifunguliwa 2005 na ndiyo ya kwanza barani Afrika. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa Kichina wa HSK, ngazi ya tatu, ule wa maneno 600. Maneno yote 600 nilikuwa nayo kichwani, lakini sikuwa na hata moja lililonitoka mdomoni bila kwanza kupitia Kiingereza. Vitabu vyetu vilikuwa na maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo kila sentensi ilitoka kwenye Kiswahili, ikapita Kiingereza, ndipo ikafika Kichina ikiwa imechoka. Nilipopata nafasi kwenye programu ya wiki nne za majira ya joto, wiki moja chuoni na tatu kijijini nyumbani kwa watu, nilikubali kabla sijauliza nauli.

Njiani sina mengi ya kusimulia. Ndege hadi Guangzhou, kulala usiku mmoja, kisha treni ya mwendo kasi kuelekea kaskazini-mashariki, karibu saa sita za mashamba ya mpunga, mahandaki na milima yenye ukungu. Jinhua uko katikati ya mkoa wa Zhejiang, na mito miwili hukutana pale mjini. Wafanyabiashara wetu wengi wamepita karibu yake bila kujua, kwani Yiwu, mji wa soko la bidhaa za jumla, uko chini ya Jinhua kiutawala. Siku ya kwanza tulitia sahihi ahadi ya kutozungumza lugha nyingine yoyote ila Kichina mpaka programu iishe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kuta nyeupe na vigae vya kijivu, na katikati uwanja mdogo ulio wazi juu, mvua inaingia na jua linaingia. Wao huuita tianjing, yaani kisima cha mbingu. Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu atakijua kiwanda kile cha ndani, yaani uwanja, na atajua pia kwa nini kila mtu huishia hapo jioni. Julai ya Jinhua ni joto la kukaba koo, halina hata upepo wa bahari wa kukupoza. Hata hivyo Nainai hakuniruhusu maji baridi. Alinimiminia maji ya moto kwenye gilasi akasubiri mpaka nimalize. Nyanya yangu naye huamini kwamba maji ya barafu huharibu tumbo la msichana, kwa hiyo sikubisha.

Chakula cha usiku wa kwanza ndicho kilichonipa mtihani. Jinhua inajulikana China nzima kwa paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa miezi. Mimi ni Mwislamu. Nilikuwa nimejifunza kusema "wo bu chi zhurou", sili nyama ya nguruwe, nikaisema mapema, na wote wakaitika vizuri. Kisha ikaja supu ya mamumunye machanga, ndani yake vipande vyembamba vyekundu. Nikauliza hivi ni nini. "Huotui," wakajibu. Huo ni moto, tui ni mguu. Mguu wa moto. Jina zima halina nguruwe ndani yake, na kwa mtu wa Jinhua hiki ni kiungo cha kutia ladha tu, hakihesabiki kuwa nyama. Nikauliza tena: mguu wa mnyama gani? Meza ikanyamaza. Mama akaweka vijiti chini, akaichukua ile bakuli kutoka mbele yangu, akaniomba radhi hadi nikaona haya mimi.

Kesho yake alirudi kutoka sokoni na sufuria mpya na kikaango kipya. Alifunga uzi mwekundu kwenye mikono ya vyombo hivyo, akawaambia wote kwamba vyombo vyenye uzi ni vyangu, visiguswe na mafuta ya nguruwe. Kuanzia siku ile nilikula samaki wa mtoni, mayai kwa nyanya, tofu, karela, dodoki changa, na mboga moja yenye bua tupu kama mrija ambayo bado naiota. Wiki zile tatu mwanamke yule alinipikia mara mbili kila mlo, chungu chao na chungu changu, na sikumsikia akiguna.

Nilimtafutia neno la kumshukuru. "Xiexie", ahsante, niliona ni jepesi, na ndani ya nyumba hawalipendi sana, linamfanya mtu kuwa mgeni. Jioni moja baba alirudi kutoka kazini ameloa jasho, na Nainai akamwambia: "Xinku le." Kitabu chetu kilikuwa kimelifasiri neno lile kwa Kiingereza kwa maneno mengi, eti umefanya kazi kwa bidii, na sikuwa nimewahi kulitumia kwa sababu halikunikaa. Xin ni ukali wa pilipili, ku ni uchungu wa dawa. Nikamtazama baba alivyoketi, nikasikia kichwani mwangu kwa sauti ya mama yangu: pole na kazi. Ndilo! Ndilo neno lenyewe, na nilikuwa nimelikosa miaka miwili kwa kulitafuta katika lugha isiyo na pole. Nikaenda jikoni nikamwambia mama: "Ayi, xinku le." Akageuka akanitazama vizuri.

Tangu hapo niliacha kupitia kwa mtu wa kati. Mgeni akiondoka huambiwa "man zou", nenda taratibu, na nikaona ni yale yale tunayoyasema sisi. Mtu akikukuta njiani hukuuliza "chi le ma?", umekula? Na ukoo! Mwenzangu kutoka Italia alichora mti wa familia ukutani ili akumbuke nani ni nani, kwa sababu kwao wote hao ni neno moja. Mimi sikuhitaji. Jiujiu ni mjomba, shushu ni ami mdogo, gugu ni shangazi. Hata yale maneno ya kuhesabia, yanayowatesa wanafunzi wengi, yaani kwamba samaki, mto, njia na suruali vyote huhesabiwa kwa neno tiao kwa kuwa ni virefu, na kisu, mwavuli na kiti kwa neno ba kwa kuwa hushikwa kwa mkono, yalinijia kama ngeli. Si ngeli hasa, ila aliyezoea kwamba kila kitu kina kundi lake haulizi kwa nini.

Darasa letu lilikuwa kwenye ukumbi wa kale wa mababu wa kijiji, nguzo nene za mbao na njiwa juu ya boriti. Mwalimu alikuwa mzaliwa wa Harbin, kaskazini kabisa. Siku moja alitushikisha vipande vya karatasi mbele ya midomo. "Bao le" ni nimeshiba, "pao le" ni nimekimbia. Toni ni ile ile, na tofauti ni pumzi peke yake. Ukisema la pili karatasi lazima ipepee. Wenzangu walihangaika asubuhi nzima. Yangu ilipepea mara ya kwanza, na mwalimu akataka kujua nimejifunzia wapi. Nilimweleza kwa Kichina changu cha kubahatisha kwamba nyanya yangu husema paa la nyumba bila pumzi, na paa wa mwituni kwa pumzi, kadhalika kaa la moto na kaa wa baharini. Shuleni sikuwahi kuambiwa jambo hilo lina thamani. Maandishi yetu hayalionyeshi kabisa.

Na hapa ndipo Nainai alipoingia moyoni mwangu. Kile Kichina nilichokuja kujifunza, yeye hakuwa nacho. Putonghua, lugha ya wote, imejengwa juu ya matamshi ya Beijing, na serikali iliagiza ienezwe nchi nzima mwaka 1956. Nainai alizungumza lugha ya Jinhua, mojawapo ya zile za kundi la Wu, na mtu wa Harbin hasikii kitu humo. Wiki ya kwanza mjukuu wake wa miaka 11 ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Bibi huzungumza Kijinhua, mtoto hujibu kwa Putonghua. Mtoto anaelewa kila neno lakini halisemi hata moja. Nilipomuuliza sababu, alisema shuleni hakuna anayekisema.

Nilikijua kidonda hicho. Mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika 1928 papo hapo Mombasa, mjini kwetu, na mimi nilikatwa alama katika insha kwa kuandika mtele badala ya mchele, mato badala ya macho. Nyanya yangu hadi leo huniita "ndoo" akitaka nije. Nami kwa miaka kadhaa nilimjibu kwa sanifu, nikidhani namwonyesha kuwa nimesoma.

Basi nikawa nakaa na Nainai kila alasiri. Tulimenya maharage. Ananionyesha kitu, anakitaja, narudia, anatikisa kichwa, narudia tena. Kulikuwa na sauti mle ambazo Putonghua haina, b na d nzito zinazotetema kooni kama zetu, na herufi za pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, nilizofundishwa darasani zilishindwa kuzibeba, kwani b ya pinyin ni p isiyo na pumzi. Kwa hiyo nikaziandika nyuma ya daftari kwa tahajia ya Kiswahili, na pumzi nikaitia alama ya ritifaa kama wanavyofanya wanaoandika Kimvita. Mvua. Kizingiti. Kipepeo cha mkono. Shiba. Mkwe. Siku moja nilimsifia bakuli lake la kijani-kibichi, na baba akasema vya namna hiyo hutoka Longquan, kusini kidogo mwa Jinhua. Vigae vya vyombo vya Longquan nimeviona kwetu, vilifukuliwa kwenye magofu ya Gede. Nilimwambia Nainai kwamba mababu zangu walikula kwenye bakuli za majirani zake. Mtoto alipomtafsiria, bi kizee alilipindua bakuli lake akalichungulia chini, kama anayetafuta jina.

Ijumaa ya pili mama alinipeleka Yiwu, mwendo usiofika nusu saa kwa treni. Soko lile lina vibanda 75,000 hivi, na sikumaliza hata ghorofa moja. Niliswali Ijumaa msikitini, kati ya Wachina, Waarabu na Wasomali, na pale nje nikasikia Kiswahili cha Kariakoo kikipiga bei ya vibanio vya nywele. Nilivunja ahadi ya programu kwa dakika kumi. Siwezi kuona vibaya. Chakula cha mchana tulikula tambi za kuvutwa kwa mkono kwenye duka lenye maandishi ya qingzhen, halali kwa Kichina, na mama, ambaye hakuwahi kuingia duka la namna ile, alisoma ubao wote kwa sauti kabla ya kuagiza kile nilichoagiza mimi.

Usiku wa mwisho tuliketi kwenye tianjing. Orodha yangu ilikuwa imefika maneno 63. Nilikuwa nikimsomea Nainai moja moja, naye anaitikia au ananirekebisha, na mjukuu amelala kifudifudi juu ya mkeka na simu mkononi. Kufika neno la arubaini na ngapi sijui, aliiweka simu chini. Akasogea, akalichukua daftari, akalitazama. Akauliza hii alama ndogo juu ya p ni ya nini. Nikamwambia ni pumzi. Akauliza na b hii ni ipi, ya shuleni au ya Nainai?

"Ya Nainai," nikasema.

Akaenda kuleta kalamu, akaanza kunakili.